Kabla ya kutumia dawa ya kukonda, uliza maswali haya

SIKU hizi si vigumu kukutana na tangazo la dawa ya kukonda jijini Nakuru. Limebandikwa kwenye nguzo ya stima, limewekwa kwenye kioo cha saluni, au limetumwa kwenye simu na rafiki wa kanisani au wa chama. Ahadi ni ile ile: kilo kumi kwa mwezi, bila kujinyima chakula na bila kutoa jasho.

Msomaji, huenda wewe mwenyewe umewahi kusoma tangazo kama hilo ukajiuliza kama ni kweli. Makala haya yanakusudia kukueleza dawa za kupunguza unene ni zipi, zinafanya kazi vipi mwilini, zimewahi kuleta madhara gani, na ni maswali gani unayopaswa kumwuliza daktari au mfamasia kabla ya kutoa pesa zako.

Tutazungumzia hasa zile dawa zinazotolewa kwa cheti cha daktari. Hizi ndizo zinazoaminiwa zaidi kwa sababu zimepitia majaribio. Hata hivyo, historia inaonyesha kwamba kadhaa kati yazo ziliruhusiwa, zikatumiwa na mamilioni ya watu, kisha zikaondolewa sokoni baada ya kugunduliwa kwamba zinadhuru moyo, mapafu au akili.

TATIZO LIPO KWETU

Kuna wanaofikiri kwamba unene ni ugonjwa wa Wazungu au wa matajiri wa Nairobi. Sivyo. Kati ya mwaka wa 2007 na 2008, wataalamu waliwachunguza watu wapatao 4,400 wenye umri wa miaka 50 na zaidi katika iliyokuwa Wilaya ya Nakuru. Nusu yao walipatikana na shinikizo la damu. Watu 13 kati ya kila 100 walikuwa wanene kupita kiasi, na kati ya 6 na 7 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kisukari.

Katika nchi nzima hali inazidi kubadilika. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka wa 2008-09 ulionyesha kwamba robo ya wanawake wa umri wa kuzaa walikuwa na uzani uliozidi kipimo kinachofaa. Kufikia uchunguzi wa mwaka wa 2014, idadi hiyo ilikuwa imefika thuluthi moja. Wanaoishi mijini ndio walioathirika zaidi.

Sababu zinajulikana. Mtu aliyekuwa akilima shamba huko Bahati au Njoro sasa anaketi dukani au ofisini kutwa nzima. Anapanda matatu kwenda na kurudi. Chakula cha mchana ni chipo na soda, na jioni ni chapati zilizokaangwa kwa mafuta mengi. Mwili unapokea chakula kingi kuliko unachotumia, na kinachobaki unakiweka akiba kama mafuta.

Unene wa kupita kiasi huongeza uwezekano wa kupata kisukari, shinikizo la damu, kiharusi, maumivu ya magoti, aina kadhaa za kansa na matatizo ya kupumua usingizini. Kwa hivyo anayetafuta msaada wa kupunguza uzani hafanyi hivyo kwa sababu ya urembo tu, na hafai kuchekwa.

NANI ANAYEHITAJI DAWA?

Madaktari hutumia kipimo kimoja rahisi. Chukua uzani wako kwa kilo, ugawanye kwa urefu wako kwa mita, kisha ugawanye tena kwa urefu huo huo. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 25, uzani wako unafaa. Kati ya 25 na 30 umezidi kidogo. Likifika 30 na zaidi, huo ni unene wa kupita kiasi.

Chukua mfano wa mama mwenye kilo 90 na urefu wa mita 1.60. Gawanya 90 kwa 1.60, halafu jibu hilo uligawanye tena kwa 1.60. Utapata takriban 35. Mama huyu ana sababu nzuri ya kumwona daktari.

Sasa chukua mfano wa msichana mwenye urefu huo huo na kilo 62, ambaye harusi yake ni mwezi ujao na anataka kuingia katika gauni. Kipimo chake ni 24. Huyu hana ugonjwa wa unene. Akitumia dawa kali, anajitia katika hatari bila faida yoyote ya kiafya.

Kwa kawaida dawa hizi hukusudiwa mtu mwenye kipimo cha 30 na zaidi, au 27 na zaidi ikiwa tayari ana ugonjwa kama kisukari au shinikizo la damu. Hata hapo, dawa hutolewa pamoja na mpango wa chakula na mazoezi.

Jambo hili ndilo msingi wa mazungumzo yote kuhusu usalama. Hakuna dawa isiyo na madhara. Swali ni kama faida utakayopata inazidi hatari unayojitia. Kwa yule mama wa kilo 90 mwenye kisukari, huenda faida ikazidi. Kwa yule msichana wa harusi, hapana.

HISTORIA INATUFUNZA NINI?

Mnamo mwaka wa 1933, madaktari wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza kwamba kemikali iitwayo dinitrofenoli ilikuwa inapunguza uzani haraka. Kemikali hiyo huufanya mwili uchome chakula na kukigeuza joto tupu. Watu wengi waliikimbilia. Baada ya muda mfupi baadhi yao walipofuka kwa mtoto wa jicho, na wengine walikufa kwa sababu joto la mwili lilipanda bila kuweza kuteremshwa. Ilipofika mwaka wa 1938, serikali ya Marekani ilitangaza kwamba kemikali hiyo haifai kuliwa na binadamu. La kusikitisha ni kwamba bado inauzwa kichinichini kupitia intaneti, na imeendelea kuua vijana huko Uingereza.

Katika miaka ya 1960, dawa ya aminoreksi iliuzwa Uswisi, Austria na Ujerumani Magharibi. Ilikuwa inapunguza hamu ya chakula. Haukupita muda mrefu kabla ya madaktari kuona wagonjwa wengi wasio wa kawaida, waliokuwa na shinikizo la damu ndani ya mishipa ya mapafu. Huu ni ugonjwa unaomfanya mtu ashindwe kupumua hata akipanda ngazi chache, na wengi walifariki. Dawa hiyo iliondolewa mwaka wa 1968.

Kisa kilichotikisa dunia zaidi ni kile cha fenfluramini. Huko Marekani, madaktari wa miaka ya 1990 walianza kuichanganya na dawa nyingine iitwayo fentamini. Kila moja ilikuwa imeruhusiwa peke yake kwa matumizi ya muda mfupi, lakini mchanganyiko wa zote mbili haukuwahi kuidhinishwa. Hata hivyo, mamilioni ya watu waliutumia.

Mnamo Julai 1997, madaktari wa hospitali ya Mayo Clinic walieleza habari za wanawake 24 waliotumia mchanganyiko huo na kupata kasoro katika vali za moyo. Vali ni vile vilango vinavyoizuia damu isirudi nyuma moyo unaposukuma. Vilango hivyo vilikuwa vimekuwa vinene na havikufunga sawasawa. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo, fenfluramini na dada yake Redux ziliondolewa sokoni. Redux ilikuwa imeruhusiwa Marekani mwaka mmoja tu uliotangulia.

Ungefikiri kwamba funzo hilo lilitosha. Lakini nchini Ufaransa kulikuwa na dawa nyingine, Mediator, iliyotengenezwa na kampuni ya Servier na kuuzwa tangu mwaka wa 1976. Iliidhinishwa kwa wagonjwa wa kisukari wenye uzani mkubwa, lakini wengi waliandikiwa ili wakonde tu. Kikemikali ilikuwa jamaa wa karibu wa fenfluramini. Iliendelea kuuzwa hadi mwaka wa 2009, yaani miaka 12 baada ya fenfluramini kuondolewa. Daktari mmoja wa mapafu katika mji wa Brest, Irène Frachon, ndiye aliyefuatilia majalada ya wagonjwa hadi ukweli ukajulikana. Inakadiriwa kwamba watu mia kadhaa, na huenda hata zaidi ya elfu moja, walikufa. Mnamo Machi 2021, mahakama ya Paris iliipata Servier na hatia ya udanganyifu na ya kusababisha vifo bila kukusudia.

Orodha haiishii hapo. Acomplia iliruhusiwa Ulaya mwaka wa 2006 na kusimamishwa mwaka wa 2008 kwa sababu baadhi ya watumiaji walipatwa na huzuni kubwa na mawazo ya kujiua. Sibutramini, iliyojulikana sana kwa jina la Reductil, iliondolewa Ulaya na Marekani mwaka wa 2010 baada ya utafiti wa watu wapatao 10,000 kuonyesha kwamba iliongeza visa vya mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wenye ugonjwa wa moyo. Belviq, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 2012, iliondolewa mwaka wa 2020 kwa kuhofiwa kuongeza hatari ya kansa.

KWA NINI MADHARA HUCHELEWA KUONEKANA?

Msomaji anaweza kuuliza: kama dawa hizi zilifanyiwa majaribio, ilikuwaje madhara hayakuonekana mapema?

Jibu ni la hesabu. Tuseme dawa inadhuru mtu mmoja kati ya kila watu 10,000. Kama imejaribiwa kwa watu 3,000, kuna uwezekano mkubwa kwamba hakuna hata mmoja atakayepata madhara hayo. Dawa itaonekana salama. Itakapotumiwa na watu milioni moja, watu 100 watadhurika.

Sababu ya pili ni muda. Majaribio mengi huchukua mwaka mmoja au miwili, ilhali vali ya moyo au kansa huchukua miaka kadhaa kujitokeza. Sababu ya tatu ni kwamba wanaochaguliwa kwa majaribio huwa hawana magonjwa mengine mengi, na wengi wao wametoka Ulaya na Marekani. Mgonjwa wetu anayetumia dawa za shinikizo na za kisukari kwa pamoja hafanani nao.

SINDANO ZA KISASA

Dawa zinazozungumzwa zaidi leo ni sindano ambazo mtu hujidunga mara moja kwa wiki. Iliyo maarufu zaidi ni semaglutaidi. Inauzwa kwa jina la Ozempic kwa wagonjwa wa kisukari, na kwa jina la Wegovy, kwa kipimo kikubwa zaidi, kwa wenye unene wa kupita kiasi. Marekani iliidhinisha ya kwanza mwaka wa 2017 na ya pili mwaka wa 2021. Nyingine ni tirzepataidi, iitwayo Mounjaro.

Sindano hizi zinaiga homoni ambayo utumbo hutoa baada ya mtu kula. Homoni hiyo huuambia ubongo kwamba tumbo limejaa, hupunguza kasi ya chakula kutoka tumboni, na kuisaidia kongosho kutoa insulini wakati sukari iko juu. Mtu hushiba mapema na kukaa muda mrefu bila njaa.

Ni lazima tuseme ukweli kwamba zinafanya kazi. Katika utafiti mkubwa wa semaglutaidi, watumiaji walipoteza takriban asilimia 15 ya uzani wao kwa wiki 68, wakati waliodungwa sindano isiyo na dawa walipoteza asilimia 2 hivi. Mwaka wa 2023, utafiti mwingine wa watu zaidi ya 17,000 wenye ugonjwa wa moyo na uzani mkubwa ulionyesha kwamba dawa hiyo ilipunguza kwa asilimia 20 visa vya mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo. Hii ni tofauti kubwa na zile dawa za zamani zilizoharibu moyo.

Hata hivyo, zina madhara yake. Yale ya kawaida ni kichefuchefu, kutapika, kuhara na kufunga choo, hasa wiki za kwanza au kipimo kinapoongezwa. Ndiyo sababu daktari huanza na kipimo kidogo na kukiongeza polepole kwa miezi. Anayeanza na kipimo kikubwa ili akonde haraka huishia hospitalini akiwa amekaukiwa maji, na figo zinaweza kuumia.

Madhara mengine hutokea kwa nadra lakini ni makubwa. Kongosho inaweza kuvimba. Mawe yanaweza kujitokeza katika kibofu cha nyongo, hasa uzani ukishuka kwa kasi. Mwaka wa 2025, wakala wa dawa wa Ulaya ulithibitisha kwamba semaglutaidi inaweza kudhuru mshipa wa fahamu wa jicho na kumwondolea mtu uwezo wa kuona, ingawa jambo hilo ni adimu sana, kama mtu mmoja kati ya 10,000. Katika panya, dawa hizi zilileta uvimbe wa tezi ya thairoidi iliyo shingoni. Haijathibitishwa kwamba hufanya hivyo kwa binadamu, lakini mtu ambaye yeye au jamaa yake wa damu amewahi kuugua ile aina ya kansa ya tezi hiyo iitwayo medula haruhusiwi kuzitumia.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoisukuma kongosho kutoa insulini anaweza kuishiwa na sukari mwilini akiongezewa sindano hizi. Atatetemeka, atatoka jasho jembamba, na asiposaidiwa atazirai. Daktari lazima apange upya vipimo vya dawa zake.

Kina mama nao wawe waangalifu. Dawa hizi hazitumiwi wakati wa ujauzito. Semaglutaidi inapaswa kuachwa angalau miezi miwili kabla ya kushika mimba. Aidha, tirzepataidi inaweza kupunguza nguvu za vidonge vya kupanga uzazi, na mtu akapata mimba asiyoitarajia huku dawa ikiwa bado mwilini.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalitaji. Uliofanyika kufuatilia watu baada ya kuacha semaglutaidi ni utafiti ulioonyesha kwamba walirudisha takriban thuluthi mbili ya kilo walizopoteza katika mwaka mmoja tu. Kwa maneno mengine, hii si dawa ya mwezi mmoja. Ni ya muda mrefu, kama ile ya shinikizo la damu, na bei yake ya mwezi mmoja yaweza kupita kodi ya nyumba. Kabla ya kuanza, piga hesabu ya mwaka mzima.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu sindano hizi mnamo Desemba 2025. Lilikubali zitumiwe kwa watu wazima wenye unene wa kupita kiasi, isipokuwa wajawazito, lakini likaweka masharti, likitaja gharama yake na uchache wa ushahidi kuhusu matumizi ya miaka mingi.

KIDONGE CHA MAFUTA

Dawa nyingine ambayo imedumu ni orlistati, maarufu kwa jina la Xenical, iliyoidhinishwa Marekani mwaka wa 1999. Hii haigusi ubongo. Inazuia utumbo usifyonze takriban asilimia 30 ya mafuta yaliyo katika chakula. Mafuta hayo hutoka na choo.

Mtu akila nyama choma yenye mafuta au chipo huku anaitumia, choo huwa cha mafuta mafuta na kinaweza kumtoka bila taarifa. Pia inazuia vitamini A, D, E na K zisiingie mwilini, kwa hivyo mtumiaji hushauriwa kumeza vitamini wakati wa kulala. Mwaka wa 2010, wakuu wa dawa wa Marekani waliongeza onyo kuhusu visa adimu vya kuumia kwa ini. Ukiona macho yamekuwa ya manjano au mkojo umekuwa wa rangi nzito, iache na umwone daktari mara moja.

HATARI YA BIDHAA BANDIA

Penye faida kubwa hapakosi walaghai. Mnamo Juni 2024, Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kwa nchi zote kuhusu Ozempic bandia zilizonaswa Brazil, Uingereza na Marekani. Baadhi ya bidhaa bandia hazina dawa yoyote. Nyingine zina insulini, ambayo inaweza kumuua mtu asiye na kisukari kwa kuishusha sukari yake ghafla.

Hata sindano halisi inaweza kuharibika. Kabla ya kufunguliwa inatakiwa kuhifadhiwa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8 za joto, na isigande. Jiulize: iliyosafirishwa ndani ya mkoba kwenye matatu kutoka Nairobi hadi Nakuru jua likiwaka, kisha ikakaa kwenye droo ya saluni siku tatu, ina nguvu gani? Na kalamu ya sindano isitumiwe na watu wawili, hata kama ni dada wa tumbo moja na sindano imebadilishwa, kwa maana virusi vya homa ya ini na vya Ukimwi vinaweza kupita.

Usidanganywe pia na neno "mitishamba". Uchunguzi wa mara kwa mara huko Marekani umegundua vidonge, kahawa na majani ya chai ya kukonda yaliyodaiwa kuwa ya asili lakini yamechanganywa na sibutramini, ile dawa iliyoondolewa sokoni mwaka wa 2010. Mnywaji wa chai hiyo, ikiwa ana shinikizo la damu, anajiweka katika hatari ya kiharusi bila kujua.

Wengine hutumia vibaya dawa za magonjwa mengine. Vidonge vya kukojoza hupunguza maji wala si mafuta, na vinaweza kumaliza madini ya potasiamu hadi mapigo ya moyo yakavurugika. Dawa za kuharisha hufanya vivyo hivyo. Vidonge vya homoni ya thairoidi vikimezwa na mtu asiyevihitaji huufanya moyo uende mbio na hudhoofisha mifupa.

MASWALI YA KUULIZA

Ukiandikiwa dawa ya kupunguza unene, usione haya kuuliza. Ni haki yako.

1. Dawa hii inaitwaje, na iliidhinishwa kwa ugonjwa gani?

2. Kipimo changu cha unene ni kipi, na je, kinafikia kiwango cha kutumia dawa?

3. Je, inapatana na dawa ninazotumia sasa? Mtajie daktari zote, pamoja na za kienyeji na za kupanga uzazi.

4. Nitaitumia kwa muda gani, na nikiacha nini kitatokea?

5. Ni dalili gani zitakazoonyesha kwamba inanidhuru?

6. Nitapimwa lini tena? Dawa isiyopunguza angalau asilimia 5 ya uzani baada ya miezi kadhaa ya kipimo kamili inapaswa kufikiriwa upya.

Ukifika kwenye duka la dawa, tazama kama cheti cha Bodi ya Famasia na Sumu cha mwaka huu kimetundikwa ukutani. Bodi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka wa 1957 na ndiyo inayosajili dawa na maduka ya dawa nchini. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi, nambari ya toleo na kama muhuri haujavunjwa. Saluni, mazoezini na kwenye kiti cha nyuma cha gari si mahali pa kununulia dawa.

UKISIKIA HAYA, NENDA HOSPITALINI

Usingoje kesho ukipata maumivu makali ya tumbo yanayopenya hadi mgongoni, maumivu ya kifua, kukosa pumzi, moyo kwenda mbio, miguu kuvimba, giza la ghafla katika jicho, kutapika kusikokoma, au mawazo ya kujidhuru. Nenda katika hospitali iliyo karibu, iwe ni ile kuu ya rufaa ya Nakuru au ya Naivasha, Gilgil ama Molo. Beba pakiti ya dawa uliyotumia.

Mweleze daktari ukweli wote. Wagonjwa wengi huficha kwamba walikuwa wakitumia dawa ya kukonda kwa sababu ya aibu, na daktari anabaki kukisia. Kadhalika, ukienda kufanyiwa upasuaji, mwambie daktari wa kulaza wagonjwa kama unatumia sindano hizi, kwa sababu chakula hukaa tumboni muda mrefu na kinaweza kuingia mapafuni ukiwa umelala.

Madhara yoyote yanapaswa kuripotiwa kwa Bodi ya Famasia na Sumu. Daktari, muuguzi au mfamasia atajaza fomu, na mgonjwa mwenyewe pia anaweza kuripoti. Kumbuka kwamba ukweli kuhusu fenfluramini ulianza na wagonjwa 24 tu ambao habari zao ziliandikwa na kuwekwa pamoja. Bila ripoti, kila mgonjwa huonekana kama bahati mbaya ya mtu mmoja.

YANAYOWEZEKANA BILA DAWA

Wengi hukata tamaa wakifikiri ni lazima wapoteze kilo thelathini ndipo wapate nafuu. Si kweli. Yule mama wa kilo 90 akipunguza kilo nne na nusu tu, shinikizo lake la damu na sukari yake vinaweza kuanza kuteremka.

Eneo letu limebarikiwa. Managu, terere, kunde na sukuma wiki hupatikana sokoni kwa bei nafuu. Maharagwe na githeri hushibisha kwa muda mrefu kuliko mkate mweupe. Viazi vya Molo ni chakula kizuri vikichemshwa. Ni mafuta ya kukaangia yanayoviharibu. Punguza ugali kwenye sahani, ongeza mboga, na soda iwe ya sikukuu. Chai yenyewe ipunguziwe sukari kijiko kimoja kila wiki, na ulimi utazoea.

Shuka matatu vituo viwili kabla ya nyumbani na utembee. Nusu saa ya kutembea kwa kasi, siku tano kwa wiki, inatosha kuanzia, na hewa ya Nakuru asubuhi ni baridi ya kutosha kumfanya mtu atembee bila kuchoka.

Ukifanya hayo kwa miezi sita na bado uzani unakusumbua, huo ndio wakati wa kuzungumza na daktari kuhusu dawa. Utakwenda ukijua kipimo chako, magonjwa yako na maswali yako. Wiki hii anza na jambo moja dogo: pita katika kituo cha afya kilicho karibu nawe, upimwe shinikizo la damu, sukari na uzani, na uziandike nambari hizo mahali utakapoziona.